Mwalimu wa "Lini" na "Ikiwa"

Katika mwezi wa kwanza Presentacion Dimaculangan hampi mwanafunzi daftari. Humpa birika. Anayetaka kujifunza Kitagalogi kwake, jikoni mwake mjini Lipa, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, huanza kwa kupika kahawa huku akitamka kila anachokifanya. Maji yakichemka, nitatia kahawa. Machicha yakitulia, nitamimina. Ikiwa sukari ipo, nitatia. Ikiwa haipo, nitakunywa hivyo hivyo. Kikombe kinapokwisha, mwanafunzi ameshakutana na maneno matatu yanayowatoa wageni jasho: noong, la jambo lililokwisha pita, kapag, la jambo litakalofika tu, upende usipende, na kung, la jambo ambalo hakuna anayejua kama litakuwa.

"Jua litazama," huwaambia. "Hilo lina neno lake. Mvua labda itanyesha, labda haitanyesha. Nayo ina lake. Ukiyachanganya watu watakuelewa, lakini watajua kwamba hujui kipi unakingoja na kipi unakiombea."

Ana miaka sitini na mitatu. Thelathini na minne kati ya hiyo alifundisha katika shule ya serikali, na tangu astaafu, miaka minane sasa, hufundisha watu wasiojua hata neno moja: watawa, wahandisi wa viwandani, wanaume waliooa kwanza wakajifunza lugha baadaye. Hajaolewa. Mji mzima unamwita Mwalimu Presing, na mji mzima unajua kwamba hapendi sentensi inayoachwa ikining'inia. Ukisema "ikiwa" mbele yake ukanyamaza, atakukazia macho mpaka useme itakuwaje.

Noh Dae-sik alimjia mwaka jana, mtu wa Korea, miaka thelathini na mitatu, fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda cha nyaya za magari nje ya mji. Alikuwa mwanafunzi mtiifu kupita kiasi. Neno po, lile la heshima, alilibandika kwa kila kiumbe: mlinzi wa lango, mtoto wa miaka minne, na siku moja mbwa wa jirani aliyemzibia njia.

Mwezi wa Septemba alifika darasani bila kuigusa birika. Alikaa, mikono magotini, akasema anataka kumwoa Lualhati Macatangay, yule wa duka la dawa.

"Vizuri," Presing alisema. "Nani atakwenda kukuposea?"

"Baba yangu amekufa po. Mama yuko Busan. Magoti yake hayashuki hata ngazi za nyumbani."

"Nimekuuliza nani atakwenda, sikukuuliza nani hatakwenda."

Dae-sik alimtazama, akajibu kwa sauti ndogo: "Wewe po."

Huko Batangas, mkoa wao, posa huitwa kupanda ngazi, hata kwa nyumba ambayo haina ngazi. Mvulana hapandi peke yake. Hupanda na wazazi na chakula, na mkubwa wao ndiye asemaye. Presing alikuwa amekula vyakula vya posa za watu wengi, lakini hakuwahi kuwa mshenga wala mzazi wa mtu. Alikubali siku hiyo hiyo, kisha akachukua penseli akaenda kwenye kalenda ya ukutani.

Mkataba wa Dae-sik kiwandani ulikuwa unakwisha tarehe ishirini Desemba, na kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinakwisha pamoja nao. Baada ya hapo kampuni ingempeleka Vietnam. Presing alizungushia duara Jumamosi, tarehe kumi na tatu Desemba. Zilibaki siku saba kabla ya ndege.

Hesabu hiyo haikuwa ya Dae-sik peke yake. Mwaka 1984 Presing alikuwa na mchumba, fundi umeme aliyeitwa Delfin, na harusi yao ilipangwa Novemba. Lakini mdogo wake, Nena, alikuwa ameolewa Machi ya mwaka huo huo, na watu wa kwao wana mwiko uitwao sukob: ndugu wawili wa tumbo moja hawafungi ndoa katika mwaka mmoja, kwa sababu baraka ya mmoja huifunika ya mwenzake. Mama yao akasema wangoje mwaka utimie. Delfin akasema hana neno, atangoja. Mwisho wa Januari akapanda ndege kwenda Saudia. Katika miezi kumi na minne zilikuja barua tatu, kisha hazikuja tena. Tangu hapo Presing ana imani moja ambayo hajawahi kumwambia mtu: mwanamume akipanda ndege kabla ya ndoa, mhesabu amekwenda.

Kwa hiyo kabla ya lolote alimwita Lualhati jikoni. "Mwaka huu kuna harusi yoyote hapo kwenu?"

"Hapana, Mwalimu. Nyumbani kwetu hakuna."

Ndipo akamwandalia Dae-sik sentensi nne. Ya kwanza ilikuwa ya lililopita: nilipomjua Lualhati, niliacha kuhesabu siku za kurudi kwetu. Ya pili: mkituridhia, tutafunga ndoa tarehe kumi na tatu Desemba. Ya tatu ilikuwa juu ya kuishi nao vizuri wakishaoana. Ya nne ilikuwa ya akiba: msiporidhia, nitarudi tena na tena mpaka mridhie. Wiki tatu alizisema akichemsha kahawa, akipanguza meza, akifunga viatu.

"Sentensi nne," Presing alimwonya. "Usiongeze ya tano. Nilikuwa na mwanafunzi aliyejitungia zake mezani kwa wakwe. Aliitikia kila alichoulizwa, akatoka pale akiwa baba wa ubatizo wa watoto saba."

Jumapili ya pili ya Oktoba, misa ilipokwisha, walikwenda kwa miguu. Presing alitangulia. Nena, aliyejialika mwenyewe, alifuata na sinia la tambi lililofunikwa majani ya mgomba. Dae-sik alikuja nyuma amevaa koti jeusi la sufu, jua la saa tano likimwakia utosini.

"Dada, mvue huyo mtoto koti," Nena alisema. "Atafika ameiva kuliko tambi."

"Mwache. Ameshika sentensi nne kichwani. Ukimgusa zitamwagika."

Mang Usting, baba yake Lualhati, mkulima wa kahawa mwenye maneno machache, aliwapokea mlangoni. Sebuleni alikaa mama yake, Bibi Charing, miaka themanini na sita, mgongo wima kama fimbo. Dae-sik aliushika mkono wa bibi akaugusisha kwenye paji lake la uso kama alivyofundishwa. Bibi alimtazama toka juu hadi chini.

"Huyu anaumwa? Mbona anatoka jasho hivi?"

"Mapenzi hayo, Bibi," Nena alidakia.

Walikula. Tambi zilikwenda mezani kando ya samaki wa Mang Usting, wale wadogo wa bahari wanaopikwa kutwa nzima katika chungu cha udongo. Presing hakula. Alikuwa akiichokoa sahani kwa uma tu. Vyombo vilipoondolewa, likabaki sinia la tambi tu, na Lualhati akaja na kahawa, alikohoa kidogo akaanza kama waanzavyo washenga.

"Mang Usting, sisi tumesikia nyumba hii ina kahawa nzuri."

"Ipo, Mwalimu, lakini ni ya kwetu wenyewe. Hatujazoea kuiuza."

"Hatukuja kununua. Tumekuja kuomba, tena mche mmoja tu, ule unaotoa maua sasa hivi."

Mang Usting aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. "Mche huo nimeumwagilia mwenyewe miaka ishirini na minane. Atakayeuchukua nataka nimsikie kwa mdomo wake."

Dae-sik alisimama. Sentensi ya kwanza aliitoa bila kosa, na kule kwenye mlango wa jikoni Lualhati alijifunika uso kwa taulo la vyombo. Alipoitoa ya pili, tarehe kumi na tatu Desemba, Bibi Charing alitua kikombe chake.

"Desemba ipi?"

"Desemba hii, Bibi," Presing alisema.

"Haiwezekani. Mwaka huu nyumba hii imeshatoa harusi. Rodel ameoa Mei."

Rodel alikuwa kaka yake Lualhati, baharia. Presing alimgeukia binti polepole. Lualhati alikuwa ameshatoka jikoni. "Bibi, ile ilikuwa Iloilo! Kwa kina mke wake, ng'ambo ya bahari! Wewe mwenyewe hukwenda! Nyumbani kwetu hakukuwa na harusi."

"Rodel alipovuka hiyo bahari," Bibi Charing aliuliza, "damu aliiacha Lipa?"

Mang Usting alikuwa akitazama kucha zake.

"Mang Usting," Presing alisema, "wewe ulijua kwamba tunakuja na Desemba?"

"Binti alinidokezea, Mwalimu."

"Na la Rodel ulilijua."

"Harusi ya mwanangu, nitaachaje kuijua?"

"Sasa mbona hukutuletea hata neno?"

Mang Usting alijikuna shingo. Ilikuwa wazi kwamba jibu analo, na kwamba yeye analiona linatosha kabisa. "Nilisikia mmeshanunua vitu vya kupikia. Ningewaambiaje tena?"

Presing hakuweza kumlaumu. Hata yeye asingesema. Katika mji ule mtu humwacha mgeni atembee juani na sinia la tambi, ale, anywe, aseme haja yake mpaka mwisho, kuliko kumvunjia uso siku tatu mapema.

"Mpaka mwaka utimie," Bibi Charing alisema. "Mei ikipita, waoane hata siku ya pili yake. Mimi kijana simkatai."

Bibi alipomaliza, Dae-sik alidhani zamu yake imefika. Alijinyoosha, akaitoa ile ya akiba kwa sauti kubwa: msiporidhia, nitarudi tena na tena mpaka mridhie.

"Aje tu," Bibi alisema. "Tambi zenu tamu. Aje nazo."

Nena alicheka, kisha akamwona dada yake akaacha kucheka. Uso wa Presing ulikuwa umepauka. Mezani pale ni wawili tu waliojua anachokiona: uwanja wa ndege, sanduku, mtu anayepunga mkono. Mshenga mwenye adabu angeshukuru, angemaliza kahawa, angeondoka na Mei yake. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa Delfin pia, kila mmoja akimstahi mwenzake.

"Bibi," alisema, "kabla sijaipokea Mei, nina swali. Mwaka wa nyumba hii huanza lini na hukoma lini?"

"Swali gani hilo? Mwaka ni mwaka."

"Upo mwaka wa kalenda, unaokufa tarehe thelathini na moja Desemba. Na upo wa kuhesabu miezi kumi na miwili toka siku ya harusi. Ni miaka miwili tofauti. Nataka kujua wenu ni upi."

"Hapa tunahesabu kumi na miwili," Bibi alisema.

"Mimi siku zote nilidhani ni wa kalenda," Mang Usting alisema, akashangaa mwenyewe kuisikia sauti yake.

"Wewe ulidhani. Nani alikufundisha?"

"Wewe, Mama."

"Lini?"

Presing hakuwaacha wafike mbali. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu. "Bibi, wewe uliolewa lini?"

"Novemba, hamsini na nane. Mvua ilinyesha mpaka padri akachelewa."

"Na aliyekufuata kuzaliwa?"

"Ising. Ising aliolewa…" Bibi Charing alisimama hapo. Alitazama dari, midomo ikimchezacheza. "Januari. Kabla ya sikukuu ya mji. Hamsini na tisa."

"Miezi miwili baadaye."

"Miezi miwili." Bibi alikuwa bado anatazama dari. "Na baba yetu ndiye aliyesema. Naisikia hata sasa sauti yake. Alisema, Mwaka Mpya ukishalia fataki, ule wa zamani hauna nguvu tena."

"Ndoa ya Bibi Ising ilikuwaje?"

"Ala e! Watoto tisa. Mumewe amekufa na miaka themanini na miwili, amelala kitandani kwake, wala hajawahi kumpandishia sauti." Bibi Charing aliushusha uso wake mezani, akamtazama Presing kwa ukali, na ukali ule ukamtoka wote kwa mara moja. "Basi Januari. Siwezi kumsuta baba yangu kaburini."

Mang Usting alipumua kwa kishindo. Lualhati alimkumbatia bibi yake shingoni mpaka bibi akalalamika kwamba anakabwa. Katika kelele hizo Nena alikuwa amekaa, kijiko mkononi, akihesabu.

"Dada," alisema. "Mimi Machi. Ninyi mlipanga Novemba. Kama Mama angehesabu hivi, ingekuwa Januari. Januari nzima Delfin alikuwa bado yupo hapa mjini."

Miaka arobaini na moja hawakuwahi kulitaja jina hilo wakiwa wawili, sembuse mbele ya watu. Presing aliligeuza kichwani. Alitegemea limchome, akangoja, halikumchoma.

"Nena, mtu aliyeandika barua tatu katika miezi kumi na minne, unadhani Januari ingemtia uvivu wa kupanda ndege? Angeniacha na pete tu badala ya kuniacha bila pete."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe uliolewa Machi kwa sababu ulipendwa Februari. Kula."

Nena alikula, huku akijipangusa macho kwa ukingo wa jani la mgomba, ambalo halipangusi chochote.

Lakini Presing hakuwa ametua bado. Januari ilikuwa imekuja, na Januari iko baada ya tarehe ishirini Desemba. Aliliweka wazi, kwa kuwa siku hiyo ilishaonekana kinachotokea watu wanapostahiana. Alisema kwamba mkataba unakwisha, kibali kinakwisha, kijana atapelekwa Vietnam, na kwamba yeye kama mzazi wake hawezi kuwaahidi jambo asilolijua.

Hapo Dae-sik, ambaye jasho lilikuwa limeshavuka koti, aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu po. Naomba sentensi ya tano."

Presing alisita. "Sema."

Ilitoka vipande vipande, bila maandalizi, nyakati zimegongana. "Jana barua imekuja. Kampuni. Mkataba mpya. Miaka miwili. Hapa. Si Vietnam. Hapa Lipa po."

"Jana?" Lualhati alipiga kelele. "Na asubuhi kanisani umekaa karibu yangu umenyamaza kama sanamu la mtakatifu?"

"Nilitaka baba yako asikie. Pamoja na wewe. Jana nilimpigia Mwalimu simu, nilitaka kuuliza naiambiaje." Alimgeukia Presing kwa woga. "Mwalimu alisema: hakuna jambo lingine, sentensi nne, nenda kalale. Akakata po."

Ilikuwa kweli. Presing alikumbuka kwamba alikuwa anapiga pasi gauni na simu ameibana kwa bega. Alifungua mdomo kujitetea, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kikavu kwanza, kisha kikamshinda akalazimika kushika meza. Mang Usting, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe," Bibi Charing alisema watu walipotulia, "angeweza kabisa kungoja Mei."

"Mama, umeshasema Januari. Mbele ya wageni."

"Nimesema, na sirudi nyuma. Nasema tu."

Siku ilichaguliwa bila ubishi: Jumamosi ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, kabla miguu ya Bibi haijaanza kuvimba kwa joto. Lualhati aliiandika. Mang Usting alimwambia Dae-sik avue koti, na alipoona hajaelewa akamvua mwenyewe, akalitundika nyuma ya mlango pamoja na kofia zake za shambani.

Presing aliomba wali. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni, na sasa njaa ilimjia yote kwa pamoja. Alikula sahani mbili. Samaki alimla mpaka kichwa, mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani. Alipoinua macho, Bibi Charing alikuwa amemkalisha Dae-sik kando yake, anamsomea masharti ya wachumba: asipande pikipiki mpaka siku ipite, asisafiri mbali, asimwone binti amevaa gauni lake, asikate kitu kwa kisu siku ya Jumanne. Lile la Jumanne lilikuwa geni hata kwa Mang Usting. Dae-sik aliitikia kila sharti kwa kichwa, kwa bidii. Presing alijua kwamba nusu yake hajaielewa. Akajiongezea mchuzi, akamwacha aendelee kuitikia.